Ngoma Hii ni ya Nani?



Juma lililopita nilipokea barua ya msikilizaji wetu mmoja, mzee wa Magomeni hapa Dar es Salaam, ambaye jina lake nitalihifadhi. Barua ina kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono, mwandiko uliolala vizuri wa mtu aliyefundishwa na walimu wa zamani wenye fimbo. Mzee analalamika. Anasema kila mwisho wa juma halali, kwa sababu nyuma ya nyumba yake huchezwa vigodoro, na katika vigodoro hivyo hupigwa singeli tangu alasiri mpaka muadhini anapokaribia kuadhini. Anasema huo si muziki bali ni fujo, si wetu, na unawaharibu watoto. Mwisho ananiuliza: kwa nini Serikali isiupige marufuku, kama ilivyofanya zamani kwa ule muziki wa Kimarekani?

Nami nikiri mapema, ili tusije tukagombana bure. Singeli inanishinda. Nimejaribu kuisikiliza nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama. Ngoma inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mtu wa umri wangu akijaribu kuifuata kwa mguu tu hupatwa na kichomi. Kwa hiyo sikuja hapa kumtetea kijana wa Tandale au wa Manzese kwa sababu napenda anachokipiga. Nimekuja kwa sababu ya lile neno la mwisho la barua, zamani. Hiyo zamani anayoitaja mzee mwenzangu mimi nilikuwepo, na marufuku yenyewe ilipita nyumbani kwetu, Bagamoyo, ikavuka kizingiti na kuingia hadi sebuleni.

Tuanze na mambo yaliyo wazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 zisionekane sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua wala suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo wa 1969, Mkuu wa Mkoa, Bwana Mustafa Songambele, akatangaza kwamba muziki wa soul ni marufuku Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Siku hizo mji wa Dar es Salaam ulikuwa bado ndani ya Mkoa wa Pwani, pamoja na Bagamoyo yetu.

Kaka yangu mkubwa wakati huo alikuwa na miaka 21. Alikuwa fundi cherehani Kariakoo, na kila Jumamosi alasiri alipanda basi kuja nyumbani, kilometa 70 hivi za vumbi: Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, mpaka anashuka akiwa mwekundu kama matofali. Mkono mmoja ana kifurushi cha Mama, mwingine ana gitaa. Gitaa hilo alilinunua kwa mshahara wa miezi, kwa baharia mmoja. Na ndani ya begi lake kulikuwa na santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande, alizozifunga kwa kanga ya zamani zisikwaruzike. Elvis Presley, Chuck Berry, Little Richard, halafu hao wapya wa wakati ule, Otis Redding, Wilson Pickett, na James Brown aliyekuwa akipumua kwa nguvu mpaka bibi yetu akauliza kama mtu huyo ni mgonjwa.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kushika betri ya gramafoni.

Kaka alianza kuugua ugonjwa huo katika sinema za mjini. Avalon, Empire, Odeon, zote alizijua milango yake na wakata tiketi wake. Alikuwa anaingia kuangalia picha ya Elvis, akitoka anakwenda moja kwa moja kwenye cherehani kujishonea shati lenye kola ya kusimama. Kuna mtu alicheka. Lakini siku hizo vijana wa pwani nzima, kutoka Mombasa mpaka huku kwetu, walikuwa wanakata kiuno cha twist. Kule Nairobi Daudi Kabaka alikuwa akiitwa mfalme wa twist, na twist yake haikuwa ile ya Chubby Checker ya mwaka 1960 bali ilichanganywa na magitaa yaliyopanda kutoka kusini, Rhodesia na Afrika Kusini. Wimbo wake wa Helule Helule ulichukuliwa na vijana wa Kiingereza, The Tremeloes, wakaurekodi mwaka 1968 ukapigwa Ulaya. Fikiri hapo: sisi tunakatazana kuiga Wazungu, huku Wazungu wanaiga fundi wa Nairobi.

Sasa Baba. Baba alikuwa karani mstaafu wa forodhani, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na balozi wa nyumba kumi. Maneno yake yalikuwa machache na hayakurudiwa. Lakini ukiingia sebuleni kwetu, juu ya ukuta unaoelekea mlango, ulikuta tarumbeta limetundikwa kwenye msumari. Shaba yake ilikuwa imeshakuwa ya kijani pembeni. Katika ujana wake Baba alikuwa mtu wa beni. Alifundishwa kulipuliza na mzee mmoja aliyekuwa askari wa Mjerumani, na alipokuwa amefurahi, mara moja au mbili kwa mwaka, hasa baada ya Idi, aliliteremsha, akalifuta kwa majivu na ndimu, akapiga kidogo, akalirudisha.

Jioni ya tangazo la marufuku, redio ilikuwa inasema, na sisi tulikuwa tunakula. Baba hakusema neno. Alinawa mikono, akamwambia Kaka alete begi. Santuri alizitoa moja moja kwenye kanga, akasoma jina la kila moja kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha forodhani, kama anayekagua mizigo, akazivunja juu ya goti. Nakumbuka mlio wake, mkavu, kama kuni za mkandaa. Zilikuwa 14. Akaomba gitaa. Mama akasema gitaa limebaki Dar es Salaam. Mama yetu, Mungu amrehemu, ndiyo mara pekee niliyomsikia akimdanganya mumewe mbele ya watoto; gitaa lilikuwa uvunguni mwa kitanda chake, na kesho yake alfajiri lilipelekwa kwa shangazi Kaole, limefungwa ndani ya mkeka kama maiti.

Kaka aliondoka na basi la asubuhi. Hakurudi Kariakoo. Alikwenda Tanga, akafungua cherehani yake huko, na kwa miaka mitatu hatukupata barua.

Mzee mwenzangu wa Magomeni, nimekusimulia hayo si kwa sababu Baba alikuwa mtu mbaya. La hasha. Alikuwa mtu mwema aliyeamini kwamba analinda kitu. Swali ambalo limenisumbua miaka yote hii ni kwamba alikuwa analinda nini, na huku lile tarumbeta likiwa limening'inia juu ya kichwa chake wakati anavunja.

Maana tuulizane, tarumbeta lilifikaje Bagamoyo?

Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Ndani yake walikaa watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa la Unguja, soko ambalo halikufungwa mpaka mwaka 1873. Mwaka 1871 alipita hapo Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuwa anakwenda kumtafuta Livingstone. Mapadre wakamkaribisha chakula, na baada ya chakula wakamletea watoto hao wenye ala za shaba, wakampigia muziki wa Kifaransa na kumwimbia nyimbo za kusifu ushujaa wa Wafaransa. Stanley aliyaandika hayo kwenye kitabu chake, kwa maneno ya dharau kuhusu nywele za watoto na mama zao ambayo sitayarudia hewani, lakini hata yeye alikiri kushangaa jinsi sauti zilivyopatana.

Ngoja nikae hapo kidogo. Mtoto aliyetolewa pengine Ziwa Nyasa au Manyema, aliyetembezwa mpaka pwani, akauzwa Unguja, akanunuliwa tena, akaletwa Bagamoyo, akapewa tarumbeta na nyimbo za mtu mwingine kabisa. Na akalipiga vizuri. Huyo, kama mnataka kujua, ndiye mpigaji wa bendi wa kwanza ninayemjua katika mwambao wetu wa kaskazini ya Dar es Salaam, na alikuwa anapiga nyimbo za Paris zaidi ya miaka 80 kabla Elvis Presley hajaingia studio ya Sun kule Memphis.

Baadaye akaja Mjerumani, na jeshi lake likawa na bendi ya askari weusi. Vijana wa mwambao walipoona gwaride lile hawakukaa kimya. Kuanzia miaka ya 1890, kule Lamu na Mombasa, walianza kulichukua na kuligeuza kuwa ngoma yao. Neno lenyewe beni ni bendi, tumelilainisha tu. Ikawa na Kingi wake, jenerali wake na nahodha wake, na sare za kushona. Huku Tanganyika ikagawanyika pande mbili zilizokuwa zikitambiana: Marini, waliojiona watu wa juu, na Arinoti, watu wa kazi za mikono. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari waliporudi makwao beni ilisambaa hadi bara. Na hapo ndipo penye utamu, maana wakubwa wote waliilalamikia. Serikali ya Kiingereza iliitilia shaka kuwa ni siasa iliyovaa kofia. Wamisheni walisema inawapotosha waumini, na baadhi ya masheikh wakasema hivyohivyo. Baba yangu, balozi wa nyumba kumi, alikuwa kijana mpotovu wa beni. Bila shaka na yeye yupo aliyemtazama akasema huu si utamaduni wetu.

Ikafuata dansi. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya His Master's Voice ilileta Afrika santuri za mfululizo wa GV, ambazo nyingi zilikuwa nyimbo za Cuba. Wazee wetu walizipenda kwa sababu walipozisikia waliona kama wanamsikia jamaa aliyepotea, na hawakukosea, kwa maana ngoma za Cuba zilipandwa na watu waliobebwa kwa majahazi kutoka bara hili letu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa miaka hiyohiyo ya 1930. Morogoro, Salum Abdallah aliunda bendi na kuiita Cuban Marimba, naye hakuwa na mjomba Havana. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na hadi leo ukipiga nyimbo zake kwenye harusi za Bagamoyo wazee husimama bila kuombwa. Nani leo atasema Salum Abdallah si wetu?

Na hiyo rock and roll yenyewe, iliyomtia kiherehere kaka yangu, ilitoka wapi? Hapa inabidi tumtendee haki kila mtu. Elvis alipoingia studio Julai 1954 alirekodi wimbo wa That's All Right, ambao Arthur Crudup, mtu mweusi wa Mississippi, alikuwa ameurekodi mwaka 1946. Wimbo wa Hound Dog uliompa Elvis utajiri mwaka 1956 alikuwa ameuimba kwanza mama mmoja mweusi, Big Mama Thornton. Chuck Berry, Little Richard na Fats Domino ndio waliojenga nyumba, wengine wakaja kupanga na kuishia kuwa wenye nyumba. Crudup alikufa mwaka 1974 bila kupata fungu lake la haki. Tusiwacheke Wamarekani lakini. Kule Johannesburg, Solomon Linda alirekodi Mbube mwaka 1939, wimbo ukazunguka dunia kwa majina mengine, yeye akafa maskini mwaka 1962, na familia yake ikaja kupata mapatano ya malipo mwaka 2006. Hata Malaika, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi Kenya na kila hoteli ya mwambao huu imeupiga mpaka ukachoka, mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga, na wapo Watanzania wanaosema ni wa mwenzetu.

Kule Marekani nako walipiga marufuku, au walijaribu. Wazungu wa kusini waliokuwa wakitetea ubaguzi walisema rock and roll ni njama ya kuwashusha watoto wao wawe kama watu weusi. Aprili 1956, watu wa kundi la namna hiyo walipanda jukwaani Birmingham, Alabama, wakampiga Nat King Cole, ambaye wala hakuwa mpiga rock bali mwimbaji mtaratibu wa nyimbo za mapenzi. Januari 1957 televisheni ikamwonyesha Elvis kuanzia kiunoni kwenda juu tu, ili nchi isiharibike kwa kuona miguu yake. Kwa hiyo tazameni ajabu hii. Wao waliukataa muziki ule kwa kuwa ni wa watu weusi. Sisi, miaka 12 baadaye, tukamkataa James Brown, ambaye mwaka 1968 alikuwa ametoka kuimba kwamba ni mweusi na anajivunia, kwa kuwa ni wa kigeni.

Nisiwe mwongo lakini, wala nisiwafanye viongozi wale wajinga. Walikuwa na hoja. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge akatangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana. Akasema wengi wetu tumejifunza kucheza rumba, chachacha, twist na hiyo rock and roll, lakini ni wangapi wanaoijua gombe sugu, mangala au lelemama? Lilikuwa swali la haki. Mtoto wa shule aliyekuwa akiona haya kucheza ngoma ya bibi yake alikuwa amefundishwa haya hiyo na mtu. Lakini katika hotuba hiyohiyo Mwalimu alisema pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa tamaduni za wengine ni taifa la mazuzu na wendawazimu. Watekelezaji, kama kawaida ya watekelezaji, walisoma ukurasa mmoja.

Na tukubali kuwa zama zile zilizaa matunda. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. DDC Mlimani Park ikaja mwaka 1978. Wanamuziki wakawa na mshahara, vyombo vikawa vya shirika, na nyimbo zikawa na Kiswahili ambacho sijui kama tutakipata tena. Majina ya mitindo yao yakarudi kwenye ngoma za huku kwetu. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Msondo ni ngoma. Ndekule, vivyo hivyo. Waliokuwa wakizipiga walikuwa na gitaa la umeme mkononi na ngoma ya bibi kichwani, na hakuna aliyewaagiza wachague kimoja.

Tena wale vijana waliokuwa wanapenda rock na soul hawakupotea wote. Patrick Balisidya alitoka Dar es Salaam Jazz akaunda Afro 70, na gitaa lake lilikuwa na ladha ya mbali hata akiimba mambo ya nyumbani. Marijani Rajabu akaja kung'ara na Safari Trippers, kabla ya Dar International, mpaka akaitwa Jabali la Muziki; alifariki mwaka 1995. Na mwaka 1970, mwaka mmoja tu baada ya marufuku, hapa hapa Dar es Salaam likaundwa kundi la Sunburst, Watanzania na Wakongo, likipiga rock waziwazi na kuichanganya na ngoma, na mtindo wao wakauita kitoto. Santuri yao ya Ave Africa ilitoka mwaka 1976. Kwetu ikasahauliwa. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikaichapisha upya, na sasa kijana wa Kinondoni akiitaka lazima aagize Uingereza. Tuliyemfukuza mlangoni, tunamnunua dukani kwa pauni.

Nitaje na Bagamoyo ya baadaye, maana isije ikaonekana huko kulikuwa na Baba yangu tu. Mwaka 1981 ulifunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Hapo ndipo alipoishi na kufundisha Hukwe Zawose, Mgogo, na ilimba yake na zeze lake, sauti inayopanda na kushuka kama mtu anayepanda mbuyu. Kama kuna mtu aliyekuwa utamaduni wenyewe ukitembea kwa miguu miwili, ni yeye. Basi sikilizeni. Aliyempeleka duniani ni kampuni ya Real World, mali ya Peter Gabriel, mwimbaji wa rock wa Kiingereza. Chibite ilitoka mwaka 1996. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, ambamo Zawose anapiga pamoja na Michael Brook, Mkanada mwenye gitaa la umeme. Mzee wetu hakulikimbia gitaa lile wala hakulipigia magoti. Alifariki Desemba 2003, akazikwa Bagamoyo, na mwaka 2024 mabinti wa ukoo wake, The Zawose Queens, wametoa santuri yao, Maisha, kwa kampuni hiyohiyo. Ndani yake kuna vinanda vya umeme. Sijasikia aliyefufuka kulalamika.

Turudi nyumbani. Kaka yangu aliandika barua mwaka 1972, akaoa Tanga, akapata watoto. Alipatana na Baba, kwa namna wanaume wa pwani wanavyopatana, yaani walizungumza habari za mvua na bei ya samaki. Santuri hazikutajwa. Gitaa lilikaa Kaole kwa shangazi, watoto wakalichezea, nyuzi zikaisha, unyevu wa bahari ukalipinda shingo, na mwishowe sehemu ya tumbo lake ikawa ya kupepetea mchele. Kaka hakupiga tena. Nilimuuliza mara moja tu. Akaniambia vidole vimezoea sindano.

Baba alikufa mwaka 1984. Katika ugonjwa wake wa mwisho nilikuwa namkalia zamu za usiku, redio iko karibu na kitanda, sauti chini. Usiku mmoja Mlimani Park walikuwa wanapigwa, na gitaa la solo lilikuwa linazungumza peke yake kule mwisho wa wimbo, unajua jinsi wanavyofanya. Baba alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akauliza, lile gitaa liko wapi? Nikasema, gitaa gani Baba? Akasema, la kaka yako, ambalo mama yako alilipeleka Kaole.

Alijua tangu siku ile ya kwanza. Sikuwa na la kumjibu, maana jibu la kweli lilikuwa ni ungo wa mchele.

Mwaka jana tulimwoza mjukuu wa Kaka, pale Dunda. Alasiri walikodi matarumbeta, wale vijana wanaopanda nyuma ya gari dogo na kuzunguka nao mitaani mbele ya bibi harusi. Hakuna mgeni hata mmoja aliyesema hiyo ni ngoma ya Wafaransa au ya Wajerumani. Wanawake walitoka na vigelegele, na mzee mmoja akasema hiyo ndiyo harusi ya asili. Usiku ikapigwa singeli. Mimi nikahamia barazani na pamba masikioni. Kaka, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikwenda kukaa karibu na kijana mwenye mashine, akamwinamia na kumuuliza maswali kwa muda mrefu. Nilipomuuliza baadaye walikuwa wanazungumza nini, akasema kijana alikuwa anamwonyesha mahali alipoificha mdundiko ndani ya zile kelele. Akasema ipo, ila inakwenda mbio. Singeli imetoka kwenye mchiriku, mchiriku umetoka kwenye ngoma za Wazaramo na kinanda kidogo cha betri, na mimi mtangazaji nilihitaji fundi cherehani kunieleza hivyo.

Sasa, mzee mwenzangu wa Magomeni, kuhusu usingizi wako. Hapo una haki kamili na nakuunga mkono kwa sauti zote. Zipo kanuni za mazingira za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na NEMC ndio wenye kuzisimamia. Anza na mwenyekiti wa serikali yako ya mtaa, umwombe kibali cha kila kigodoro kiandikwe saa ya kumaliza. Ukienda, nenda na majirani wawili watatu, na usiseme muziki ule si wetu. Sema ni saa nane za usiku.

Juma lijalo tutazungumza habari ya nauli za vivuko. Kwaherini.